Kapanya Haivuki Ikweta

Kwa miaka mingi ya maisha yangu ya kazi niliamini, na niliwafanya wengine waamini, kwamba Kapanya ya pili, yaani toleo la pili la gari hilo, haiwezi kuvuka ikweta ikabaki hai. Sisemi inasumbuliwa na joto kidogo. Hapana, inakufa. Kiwandani, nilikuwa naeleza, wameipachika kidude kidogo kama punje ya mchele ndani ya kompyuta yake, na kidude hicho kinajua dunia imekatwa katikati wapi. Gari likishavuka ule mstari, kinaanza kulihesabia siku, kisha kinazima injini moja kwa moja, ili watu wa kusini wasizeeke na magari ya kaskazini bali wanunue mapya. Nilieleza jambo hili ndani ya tramu, harusini, na mara moja mazishini. Niliwahi kulieleza kwa Kifaransa mbele ya mhandisi mzima. Aliniangalia muda mrefu bila kupepesa, nami nikadhani amestaajabia elimu yangu.

Bon. Sasa nimestaafu, na ninyi mliobaki hangarini mmeniomba niandike nilichokiona. Vyeo sitavigusa, mishahara nayo tuiache ilale ilikolala. Nitaongea habari ya gari moja tu, kwa sababu nimelipima likiwa jipya na likiwa bovu, na wajukuu wa lile la kwanza nimewapima pia. Jina lake la kiwandani silitaji. Kampuni ile ina mawakili wengi kuliko mafundi, na ukiliendesha gari lenyewe utaamini. Sisi Wakatanga wa Brussels ndio tuliolipa jina la Kapanya, kwa kuwa ni dogo, la kijivu, linapenya kila tundu na kula kila kitu ulichonacho nyumbani.

Niliingia hangarini, pale Anderlecht kando ya canal, ule mfereji wa meli, kama muosha magari. Jioni nilikuwa nasoma ufundi katika shule ya watu wazima, darasa la wanaume waliochoka kiasi kwamba mwalimu alifundisha kwa kunong'ona ili asiwaamshe. Diploma yangu ya shule ile ina muhuri mkubwa kuliko sahani ya fufu. Kazi ya hangari mnaijua: mtu anataka kununua gari, anatuletea, sisi tunamwambia anachonunua hasa. Wauzaji walitupenda kama mguu unavyopenda mwiba.

Aliyenipokea ni Monsieur Roger, mzaliwa wa mtaa wa Marolles, mwenye tumbo lililotangulia kufika kazini na sigara ambayo sikuwahi kuiona imewashwa. Siku niliyoruhusiwa kuacha ndoo na kushika gari, alinionyesha moja jekundu, linang'aa kama tunda.

"Niambie hili ni nini," akasema.

Nikalizunguka. Nikagonga matairi kwa mguu, maana nilikuwa nimeona watu wanagonga matairi. Nikamwambia ni gari zuri sana, limetunzwa.

Roger akatoa mfukoni sumaku iliyovikwa soksi ya mtoto, akaiweka mlangoni. Sumaku ikaanguka. Akaiweka juu ya gurudumu, ikaanguka. Akaizungusha ubavu mzima, ikaanguka kila mahali kama mlevi.

"Hili si gari," akasema. "Hii ni keki. Chini ya rangi ni mastic tupu, ule uji wa kuzibia mabati yaliyobonyea. Rudi kwenye ndoo."

Ndiyo maana nawaambia, vijana: mashine zenu za kusoma kompyuta ni nzuri, zinaimba vizuri, lakini tembeeni na sumaku yenye soksi, kioo kidogo kwenye kijiti cha kuchungulia tumboni mwa gari, na leso nyeupe ya kufutia ndani ya kifuniko cha mafuta. Leso ikitoka na ute wa rangi ya maziwa, maji yameingia kwenye injini, mpeni mteja salamu za rambirambi. Vifaa hivyo havihitaji kuchajiwa wala kusasishwa, na havijawahi kuniambia "subiri".

Kapanya ya kwanza nilikutana nayo ikiwa mpya, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, dukani, chini ya taa nyingi kuliko za uwanja wa mpira. Muuzaji alifungua mlango kama anayemfunua bibi arusi. Ndani mlikuwa na usukani, viti, na huzuni. Redio hamna. Palikuwa na tundu la redio, limezibwa na plastiki yenye sura ya redio ili usijisikie vibaya. Madirisha ya kuzungusha kwa mkono. Kipasha joto chake kilikuwa na nguvu ya mzee anayekohoa. Nimeiendesha mwezi wa pili, pumzi yangu ikaganda kwenye kioo kwa ndani, nikawa naikwangua kwa kadi ya benki huku nikiendesha. Milango yake ililia kama vifuniko vya sufuria. Roger, niliyekuwa nimekwenda naye, akainama, akalitazama tumboni, akasimama kwa shida.

"Ni baya," akasema, "lakini halifichi kitu."

Miaka yote niliyofanya naye kazi sikumsikia akisifu gari zaidi ya hapo. Na zile zile ziliporudi kwetu zimetumika, occasion, tulikuta kweli hakuna kilichoharibika, maana hakukuwa na cha kuharibika. Ilikuwa kutu tu. Moja ilikuwa na sakafu iliyotoboka hivi kwamba dereva aliweza kuhesabu reli za tramu akiwa ameketi.

Kisha kampuni ikaona aibu, na aibu ya kampuni analipa mnunuzi. Ikatoka Kapanya ya pili: imenona mashavu, imepakwa chrome ya plastiki inayobanduka kama rangi ya kucha, na ina sehemu za kuwekea vikombe nyingi kuliko abiria. Injini wakaifunika na mfuniko mweusi ili usiione. Roger aliuchukia mfuniko ule kama mtu anavyomchukia shemeji. Kila ilipoingia moja alifungua kapoo, ile boneti ya mbele, na kuuliza kwa sauti, "Sasa wewe, unaficha nini?" Ile ya tatu, iliyokuja Roger akiwa ameshastaafu, sitaki hata kuitaja, lakini nitaitaja. Ni gari dogo lenye maoni. Ukikaribia mstari wa barabarani linalia, ukiuacha linalia, ukipumua linakushauri ukanywe kahawa. Taa ya mbele ikiungua, huwezi kuibadilisha bila kuvua uso mzima wa gari. Kuna pasta mmoja aliibariki ya muumini wake mpya kabisa, akamimina mafuta ya zeituni juu ya dashibodi kwa imani kubwa, mafuta yakaingia kwenye skrini, na tangu siku hiyo gari likawa linaonyesha ramani ya Luxembourg tu, hata likiwa hapa hapa mjini, Ixelles. Pasta akasema ni unabii. Tukaliandikia: skrini mpya.

Mimi sikuamini karatasi za kampuni. Nilikuwa na mtihani wangu. Siku ya soko pale Flagey, ninangoja mamans, wale kina mama wa kwaya yetu, wamalize kununua, ninawapakia wanne pamoja na mihogo yao, ndizi zao na mabishano yao, kisha tunapanda Chaussée d'Ixelles hadi Porte de Namur, mwinuko mtupu, basi mbele na basi nyuma. Kapanya ya kwanza ilipanda ikilia kama mbuzi, lakini ilipanda. Ya pili ilipanda kimya mpaka katikati, ikawasha taa ya njano, ikafikiri, ikaendelea. Ya tatu ilikataa kuondoka kabisa kwa sababu mfuko wa mihogo haukufunga mkanda. Kama mnataka tathmini ya kitaalamu ya vizazi vyote vitatu, ndiyo hiyo. Kurasa nyingine zote za ripoti zangu ni mapambo.

Sasa ikweta.

Pale Porte de Namur kulikuwa na Papa Bijou, aliyekuwa akisafirishia watu magari kwenda Lubumbashi: gari linapakiwa melini Antwerp, linashushwa Dar es Salaam, kisha dereva analipeleka kwa barabara kupitia Zambia. Yeye ndiye aliyenipa habari. Kila mara nilipopita alinishika mkono.

"Tonton Dieudo! Ingine tena! Kapanya ya pili. Imezimika gafla mu njia ya Mpika. Haiwake tena, hata kidogo!"

"Ilikuwa nzima hapa?"

"Nzima kabisa! Ulikuwa unasikia injini vile inaimba? Alors, ni nini yenye inaiua kule? Si ni ile mustari? Bazungu baliweka kintu mule."

Moja ilifia Mbeya, nyingine Mpika, nyingine ilifika Lubumbashi ikazimika mbele ya geti, familia yote imesimama na simu zinapiga picha. Na hapa Brussels, Kapanya za pili zilizopita mikononi mwangu zilikuwa zinatembea. Hapa zinaishi, kule zinakufa. Mtu mwenye diploma yenye muhuri kama wangu angehitimisha nini kingine?

Hamadi wa Bujumbura, tuliyefanya naye kazi, ndiye pekee aliyenisumbua.

"Mzee, gari liko ndani ya meli, limezimwa, limefungwa kamba. Litajuaje limevuka?"

"Kidude hakilali."

"Na ikweta ipo baharini. Kuna askari wa mpaka pale? Wanagonga muhuri?"

"Cheka tu, Hamadi. Likiamka Dar ndipo linaanza kuhesabiwa."

"Basi lifunge kitambaa machoni," akasema, akaenda kunywa chai yake huku mabega yanatikisika.

Nikaendelea. Mteja akija na Kapanya ya pili na kusema itaenda nyumbani, nilikuwa nafunga kapoo hapo hapo. "Haivuki ikweta." Kazi imekwisha. Mteja ama anaondoka nayo kichwa chini, ama anainunua kwa ubishi bila kungoja neno la pili.

Ndipo akaja Maman Clémence. Alikuwa aide-soignante, kazi yake ilikuwa kuwainua wazee wa Kibelgiji kitandani na kuwaketisha mezani, nyumba hadi nyumba. Alikuwa mfupi, mabega ya mbeba saruji, na hakuwa na haraka.

"Tonton, niko natafuta motokari yenye mama yangu ataweza kuingia."

"Kuingia tu? Magari yote yanaingiwa, maman."

"Wee! Unajua magoti ya mama yangu? Haikunjikake. Kwa kwenda ku hôpital bajukuu banamubebaka ku mugongo sawa gunia, majirani banaangalia. Sasa amekataa. Amesema hatabebwa tena mbele ya batu, afazali afe na tension, ile presha yake, mu chumba. Huu mwezi hakuenda hata mara moja." Akaniangalia. "Niko na motokari moja tu ya kutuma. Sina ya pili. Ikifa mu njia, mama haendi tena ku hôpital. Donc, usinichezee."

Vijana, nimeona wataalamu wakipima magari kwa kamera na mionzi. Sijaona upimaji kama wa mama yule. Alinyoosha miguu ikawa mikavu kama mipini ya jembe, akajifanya mama yake, akajaribu kuketi kinyumenyume. Siku hiyo tulikuwa na Kapanya za vizazi vyote vitatu, wauzaji wametuachia tuzipime. Ya kwanza ilikuwa chini mno. Alidondoka ndani kama kiazi, na mimi na Hamadi tukamtoa kwa kumvuta. Ya tatu ilikuwa na kimo kizuri, lakini paa lake wamelilaza nyuma ili lipendeze pichani. Akagonga kichwa, akatoa neno la Kifaransa ambalo kwaya haiimbi. Kisha ya pili. Mlango ulifunguka mpaka mwisho, kiti kilikuwa sawa na kiuno. Akaketi, akageuka, miguu ikaingia imenyooka vile vile bila kugusa popote. Akashuka. Akarudia. Akafumba macho, akarudia tena.

"Hii njo ya mama."

Nikafunga kapoo. "Maman, hiyo haivuki ikweta."

"Haina na passeport?"

Hamadi akakimbilia nyuma ya nguzo. Nikamweleza yote: punje ya mchele, mstari, Mbeya, Mpika. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa kifuani, kama anavyomsikiliza mgonjwa anayedai kuna farasi sebuleni.

"Bon," akasema. "Ile ni mambo yako na Mungu. Sasa fungua ile kapoo tena, uniambie yenye unaona na macho."

"Maman, ni kupoteza wakati."

"Ni wakati yangu. Fungua."

Nikafungua, nimekasirika. Nikautoa mfuniko mweusi, nikamsomea kwa haraka, kama mtu anayesoma risiti: kutu kidogo penye gurudumu la akiba. Mipira ya bushi, gurudumu la mbele la kushoto, imechoka. Na huu mkanda wa mpira ulio ndani ya injini, courroie ya distribution, ubadilishwe kabla ya safari, pamoja na pampu ya maji. Kitabu cha kampuni kinasema bado, kitabu kinadanganya. Ukikatika gari likiwa mbioni, injini inajitafuna yenyewe na haiwaki tena. "Ndiyo hayo," nikasema, "lakini kwa ikweta hayasaidii."

"Merci, tonton," akasema, na akainunua.

Ilipopakiwa Antwerp nilimpa pole, kama mtu aliyefiwa. Nilijua ninachojua. Wiki zilipita, nikawa nampigia kwa upole.

"Imefika Dar?"

"Imefika."

"Itaanza sasa," nikasema.

Ikapita Mbeya. Nikasema ngoja Mpika. Ikapita Mpika. Nikasema mpaka wa Kasumbalesa ndio mbaya. Akanitumia picha: Kapanya ya pili, vumbi jekundu mpaka kwenye vioo, geti la nyumba ya Lubumbashi, na kwenye kiti cha mbele mama mzee mwenye kitambaa cha bluu, miguu imenyooka, anaangalia mbele kama rais anayesubiri gwaride. Alikuwa anarudi kutoka hospitali. Amekwenda mwenyewe, ameketi, majirani wakaangalia walichotaka.

Nilifurahi, sikatai. Lakini mtu haachi elimu yake kwa picha moja. Nikasema kidude chake kitakuwa kimechelewa.

Kilichelewa sana. Mwaka ukapita, ukapita mwingine, mama anaenda hospitali na kurudi, na Jumapili anapelekwa kanisani akiwa ametangulia nusu saa ili aonekane akishuka. Mimi nikastaafu. Mliniaga pale Flagey, mnakumbuka, kwenye ule mkahawa wa pembeni, mkanipa saa ya ukutani ambayo tayari inachelewa. Maman Clémence alikuja, ametoka Lubumbashi wiki ile ile kumwona mama yake. Nikamkalisha karibu yangu. Nilikuwa nimeshapata maelezo mapya na nilitaka ayasikie wa kwanza.

"Maman, nimeelewa. Ile yako ilitoka kiwandani kidude kimeharibika. Bahati! Katika elfu, moja."

Aliweka kikombe chini.

"Tonton, hakuna kidude. Kule Lubumbashi nilipeleka motokari kwa fundi kwa kubadilisha huile, mafuta ya injini. Mu cour, mu uwanja yake, kuko Kapanya za pili nne, zimekufa, kuku wanalala mule. Nikamuuliza zilikufa na nini. Akafungua, akanionyesha moja moja. Zote, courroie imekatika."

"Zote?"

"Zote. Batu ba hapa banauzishaka ile motokari wakati courroie iko karibu kukatika, sababu kuibadilisha ni bei. Sisi tunanunua, tunatuma, inaenda kukatikia mu njia. Ni vile tu."

Hamadi, upande wa pili wa meza, hakucheka. Alianza kuangalia dirishani.

"Na ya kwako?" nikauliza.

"Ya kwangu nilibadilisha mbele ya kutuma. Si ni weye uliniambia?"

"Mimi?"

"Weye, tonton. Siku ile, na kapoo wazi. Miye uliniambia courroie." Akachukua kikombe chake, akanywa. "Bale bengine ulibaambiaka ikweta."